AFYA NA USALAMA: DENI, MSHAHARA NA MOYO ULIOCHOKA



Kila mara tunaongea hapa juu ya kofia, vumbi na miti ya kushikilia shimo. Leo tuongee juu ya hatari ambayo kofia haiwezi kuizuia: mtu kujiua. Hapa Bukavu familia nyingi huifunika habari hiyo. Watasema marehemu aliugua ghafula, au alirogwa. Wanafanya hivyo kwa haya na kwa huzuni, lakini jirani mwenye shida ileile anabaki akifikiri ni yeye peke yake duniani.

Kwanza ujue kwamba karibu kamwe hakuna sababu moja tu. Shida zinapandana kama mawe juu ya mgongo: deni, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani, pombe, kufiwa. Na shida hizo hazianzii ndani ya mtu peke yake. Nyingine zinatoka katika mji na katika uchumi.

Tuone mfano wa mbali. Huko Japani, nchi tajiri, mwaka 1997 benki na makampuni makubwa yalianguka. Mwaka uliofuata, 1998, hesabu ya waliojiua iliruka kutoka watu 24,000 na zaidi hadi kupita 32,000. Ikabaki juu ya 30,000 kila mwaka hadi 2011. Wengi walikuwa wanaume wa makamo: baba wa nyumba aliyepoteza kazi, mwenye duka aliyeshindwa kulipa mkopo. Tena mikoa haikuwa sawa. Mkoa wa Akita, kaskazini, wenye theluji nyingi na migodi ya zamani iliyofungwa, ulikuwa kati ya iliyoumia zaidi kwa miaka mingi. Vijana walikuwa wamehamia mijini, wazee wakabaki peke yao.

Je, hayo si sawa na yetu? Wazee wa Kamituga wanakumbuka SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976. Bei ya kasiteriti ilipoanguka mwaka 1985, kampuni ikaanza kudhoofika, na mwaka 1997 ikafikia mwisho. Mtu aliyekuwa na nyumba ya kambi, dawa za bure na posho ya watoto alijikuta hana kitu, na wengine walidai malipo yao kwa miaka mingi. Kumbuka kwamba hakupoteza franki tu. Alipoteza jina lake la mfanyakazi, na heshima mbele ya watoto wake.

Mchimbaji wa mkono naye ana mzigo wake. Anakula kwa deni la pedeje wa shimo au la negosian, akingoja dhahabu ambayo pengine haitoki. Mama twangaize anaponda mawe siku nzima kwa malipo kidogo. Septemba 2020, mvua ilipojaza shimo kule Kamituga, watu wapatao 50 walikufa; waliookoka walirudi nyumbani na kelele za wenzao masikioni. Juu ya hayo kuna vita. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifunga milango, na hata mwenye akiba hakuweza kuitoa.

Lakini Japani hawakukunja mikono. Mwaka 2006 waliweka sheria ya kuzuia kujiua, wakapunguza pia riba ya wakopeshaji, na wenye madeni wakapewa watu wa kuwashauri. Kufika 2019 hesabu ilishuka karibu na 20,000. Kwangu mimi hilo ndilo neno kubwa la habari hii: deni likipata mtu wa kulihesabu pamoja nawe, linapungua uzito hata kabla halijalipwa. Kwa hiyo usimfiche mke wako deni. Kaeni, liandikeni kwenye karatasi, mwende kwa mdai mkiwa wawili. Kama mko katika likelemba, ombeni zamu yenu isogezwe mbele.

Mwangalie mwenzako wa timu. Je, ameacha kula na wenzake? Analala vibaya, anakunywa kasiksi na kanyanga kuliko zamani? Anagawa vitu vyake, au anasema, "Nyinyi mtakaa vizuri bila mimi"? Usicheke, wala usimwambie mwanaume halii. Mwulize wazi: "Yaya, unafikiri kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shamba na za panya ziondolewe nyumbani, zikafungwe kwa jirani. Wazo la kufa mara nyingi huja kama wimbi na kupita, na mtu aliyeokolewa wakati huo wengi wao huendelea kuishi.

Halafu umpeleke kwa muganga. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, nao watamtuma mbele. Bukavu iko hospitali ya SOSAME, ya Mafrere wa Charité, inayotibu magonjwa ya akili. Si nyumba ya wenda wazimu tu, kama watu wanavyosema huko Kadutu. Mtu mwenye huzuni nzito anatibiwa huko pia. Na akirudi kazini, kapita asimweke zamu ya usiku peke yake katika majuma ya kwanza.