Kioo Kigeukacho Fuwele

Ziwa la Balangida, chini ya mlima Hanang, likikauka wakati wa kiangazi huacha chumvi ufukweni. Chembe ya chumvi ikitazamwa karibu, huonekana ina pande zilizonyooka kana kwamba imechongwa. Hakuna aliyeichonga. Vipande vyake vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vimejipanga safu kwa safu kama matofali ukutani. Kitu kilichojipanga hivyo huitwa fuwele. Kioo sivyo kilivyo: kilipokuwa cha moto kilipoa upesi, vipande vyake vikaganda ovyo kabla ya kujipanga. Hanang ni volkano ya zamani, nayo ina vyote viwili. Ndani ya fuwele za mawe yake wataalamu wamekuta matone madogo sana ya kioo.

Basi kioo kikitiwa moto tena kwa kiasi, vipande vyake hupata nafasi ya kujipanga. Jambo hili lina faida katika kazi ya umeme. Waya wa shaba hupinga umeme upitao, na sehemu yake hupotea bure kuwa joto. Mwaka 1911, huko Leiden katika Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliona kuwa zebaki ikipozwa hata digrii 269 chini ya sifuri haipingi umeme kabisa. Lakini baridi ya namna hiyo ni ghali mno. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, katika Uswisi, waliona ajabu hiyo hiyo katika kauri, tena kwa baridi iliyo pungufu. Mwaka 1988 Hiroshi Maeda na wenzake, katika Japani, wakapata kauri yenye bismuthi, stronti, kalisi, shaba na oksijeni. Aina yake moja huacha kupinga umeme ifikapo digrii 163 chini ya sifuri, na naitrojeni iliyogeuzwa maji, isiyo ghali sana, ni baridi kupita hapo.

Lakini kauri haivutwi kama shaba, huvunjika. Ndipo kioo kifaapo. Mchanganyiko huyeyushwa, humiminwa juu ya bamba baridi la chuma, nao huganda kuwa kioo. Kikilainishwa kwa moto, huvutika kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo bado hazifai kitu mpaka zirudishwe tanuruni, katika joto la digrii 800 na zaidi, kwa saa nyingi, zipate kuwa fuwele. Moto ukizidi huyeyuka. Ukipungua, fuwele itakiwayo haitokei. Na hata zikifaulu, zikikunjwa hukatika. Kwa hiyo watengenezaji wengi hutia unga wa kauri hiyo katika bomba la fedha, kisha huvuta vyote pamoja kuwa waya.