Ushahidi Ulio Ndani ya Ini

Wazee wa lugha yetu waliposema kwamba neno fulani linakata maini, hawakuwa wakizungumza kitabibu; walakini waliliweka ini mahali pa heshima, wakalifanya makazi ya huzuni na mahaba, kiungo ambacho mtu akiguswa hapo ameguswa nafsini mwake. Tabibu wa leo naye analiheshimu, ingawa kwa sababu nyingine: karibu kila kinachomezwa, kiwe chakula, pombe, dawa ama sumu, kikishanyonywa kutoka matumboni hupitishwa kwanza katika ini kabla ya kuenea mwilini, nalo hulipa gharama ya kazi hiyo kimyakimya, hata pengine likianza kulalamika wakati wa kulisaidia umekwisha pita.

Ili kulijua lililo ndani ya ini hatuna budi kulichunguza, na mchimbaji wa dhahabu wa Lusu, huko wilayani Nzega, hana haja ya kufundishwa kwamba jiwe halihukumiwi kwa sura yake ya nje. Mwamba uliotolewa katika duara, yaani shimo la machimbo, hupelekwa kwenye karasha ukasagwa, kisha ukaoshwa mwaloni, ndipo ijulikane kama mlikuwamo dhahabu au mlikuwamo taabu tupu. Mwenye kulichunguza ini hufuata njia iliyo jamaa ya hiyo. Hutwaa kipande chembamba kwa sindano, akakihifadhi kwa dawa ili kisioze, akakilowesha katika osmiamu ili tando zake zionekane, akakigandisha ndani ya utomvu mgumu, kisha akakikata kwa kisu cha kioo au cha almasi vipande vyembamba mno, vya nanomita 60 hadi 80, hata ukivipanga elfu moja kimoja juu ya kingine hupati ila unene wa unywele mmoja. Kipande hicho hakitazamwi kwa nuru ya kawaida, kwa maana nuru ya kawaida ni nene kupita vitu vinavyotafutwa, bali hupenyezewa mmiminiko wa elektroni katika chombo kisichokuwa na hewa. Chombo hicho, hadubini ya elektroni, kilianzishwa mjini Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska pamoja na Max Knoll, na ilipofika miaka ya 1950 George Palade, akifanya kazi New York, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi mitokondria zilivyo kwa ndani.

Mitokondria ni vijumba vidogo ndani ya seli, ambamo chakula tulichokula huunguzwa taratibu kwa hewa tuliyovuta, ikapatikana nguvu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo na frasila mbili begani, kila hatua aliyoipiga ililipwa humo. Seli moja ya ini ina mitokondria kama elfu moja hadi elfu mbili, nazo zimejaza takriban moja ya tano ya nafasi yake. Kila moja ina tando mbili, wa nje ulionyooka na wa ndani uliokunjwakunjwa, na katika mikunjo hiyo ndipo kazi yenyewe inapotendeka. La ajabu zaidi, mitokondria zina vinasaba vyake zenyewe, mbali na vile vya kiini cha seli: pete ndogo yenye herufi 16,569 na jeni 37, tunayoirithi kwa mama.

Hebu sasa tuyatazame maumbo yasiyo ya kawaida, ambayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Baadhi ya maini huonyesha mitokondria zilizokuwa majitu, hata moja yaweza kukaribia ukubwa wa kiini cha seli. Mengine huonyesha, ndani ya mitokondria, nyuzi zilizopangwa sambamba kama miti ya ukuta wa boma, zinazofanana na fuwele. Na mengine huonyesha mitokondria zilizovimba, zikapauka, mikunjo yake ikapukutika, na pembeni yake matone madogo ya mafuta yametapakaa kila mahali, kwa kuwa mafuta yaliyokosa mahali pa kuunguzwa hayana budi kulimbikana.

Msomaji atauliza, basi maumbo haya ni ugonjwa gani? Hapo ndipo inapotakiwa hadhari. Majitu na fuwele vimeonekana katika maini ya walevi, vimeonekana katika maini ya watu wanene wasioonja pombe kabisa, na vimeonekana katika maini yaliyotiwa taabu na dawa. Aidha, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulikuta kwamba walevi wenye mitokondria-majitu aghalabu maradhi yao ya ini yalikuwa mepesi kuliko ya wenzao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bernard Tandler na wenzake waliwanyima panya wadogo riboflavini, ile iitwayo vitamini B2, mitokondria za maini yao zikawa majitu; wakawarudishia, na katika siku chache majitu yale yakagawanyika yakarejea umbo la asili. Rai yangu, kwa hiyo, ni kwamba umbo la ajabu ni shahidi tu, wala si hakimu: latwambia kwamba ini limebebeshwa mzigo, lakini aliyeutwika mzigo huo hana budi kutafutwa kwingine, katika chakula, katika chupa, na katika vidonge.

Katika vidonge ndimo nilimo na la kusema kwa kirefu. Mwaka 1993, katika taasisi ya taifa ya afya ya Marekani iliyopo Bethesda, wagonjwa 15 wenye homa ya ini ya aina ya B walipewa dawa mpya iitwayo fialuridini, ambayo haikuwa imeonyesha hatari hiyo katika wanyama. Baada ya wiki kadhaa saba kati yao maini yakaharibika vibaya. Watano wakafariki, na wawili wakaokolewa kwa kupandikiziwa maini ya watu wengine. Hadubini ya elektroni ilionyesha mitokondria zilizovimba na kupoteza mikunjo, zimezungukwa na mafuta. Dawa ile, iliyoundwa ifanane na herufi za vinasaba ili imhadae kirusi, ilikuwa imekihadaa pia kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya mitokondria.

Ilhali mwaka uliofuata, 1994, iliidhinishwa huko huko Marekani dawa ya jamaa hiyo, stavudini, kwa ajili ya kufubaza virusi vya Ukimwi. Haikuwa kali kama fialuridini, hata hivyo iligusa kimeng'enya kile kile. Tanzania ilipoanza kutoa dawa bure kwa wagonjwa mwaka 2004, stavudini ilikuwa katika mchanganyiko wa kwanza, pamoja na lamivudini na nevirapini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa bei na nyepesi kutoa. Watu waliokuwa wamekwisha kuandaliwa sanda wakainuka wakarudi mashambani, na anayesema leo kwamba ilikuwa kosa kuanza nayo hakuyaona mazishi ya miaka ile. Walakini baadhi yao nyayo ziliwaka moto usiku kucha, mashavu yakabonyea, mikono na miguu ikakonda. Na wachache walipatwa na lililo zito zaidi, yaani ini kujaa mafuta na damu kujaa asidi ya laktiki, ambayo ni alama ya seli zilizoshindwa kuunguza chakula chake. Shirika la Afya Duniani lilipunguza kipimo mwaka 2007, kisha mwezi Novemba 2009 likazishauri nchi ziiache dawa hiyo hatua kwa hatua. Kwa maoni yangu ushauri ule ulichelewa: ibra ya Bethesda ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka 16 kabla yake, na tofauti iliyobaki kati ya stavudini na dawa zilizo salama zaidi ilikuwa zaidi ya fedha.

Hospitali za wilaya zetu hazina hadubini ya elektroni, wala tabibu wa Nzega hataki kumchoma kila mgonjwa sindano ya ini. Atakachokitegemea ni maneno ya mgonjwa mwenyewe: uchovu usioelezeka, kichefuchefu kisichokwisha, maumivu ya tumbo, pumzi inayokwenda mbio bila ya kazi, ganzi ya nyayo. Hizo ndizo habari za mitokondria zinazosikika kwa masikio.

Wewe unayetumia dawa za kufubaza virusi leo, stavudini haimo tena katika mchanganyiko unaopewa. Dawa zinazotumika sasa, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, haziziumizi mitokondria kwa namna ile. Basi usiache kuzimeza kwa sababu ya hadithi za zamani, usizichanganye na gongo, na ukiona mojawapo ya dalili nilizozitaja, nenda kituoni siku ile ile ukaseme.