Pima Moja, Mikono Minne

Kabla mita haijashika masoko ya pwani, muuza nguo alitembea na vipimo mwilini mwake. Shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima, yaani mikono ikinyooshwa kushoto na kulia, kutoka ncha hadi ncha. Mkono kamili ulianzia kwenye kiwiko ukaishia ncha ya kidole cha kati. Ukiishia kwenye ngumi iliyofumbwa, hiyo ilikuwa dhiraa konde, na mnunuzi makini aliikataa.

Wazee wale walijua mwili. Mwaka 1966, Rudolfs Drillis na Renato Contini wa Chuo Kikuu cha New York walitoa jedwali linalokadiria kila kiungo kutokana na kimo cha mtu. Kigasha ni asilimia 14.6 ya kimo, kiganja pamoja na vidole 10.8. Jumla, yaani mkono kamili, ni 25.4: robo ya mtu, na kimo chenyewe hukaribiana na pima yake.

Kwa jedwali hilo, mtu wa sentimita 170 ana paja la 41.7, na goti lake liko kama 48 kutoka sakafuni. Wabunifu wa viti na mashine hulitegemea, na sioni ubaya. Ila wastani si mtu. Kwa jumla, watu wenye asili ya nchi za joto wana vigasha na miundi mirefu kulingana na kimo chao kuliko wa nchi za baridi, kwani mwili mwembamba wenye viungo virefu hupoa upesi. Hesabu ya New York itumike kwa tahadhari katika mji wa joto kama Lodwar, kaskazini mwa Kenya.

Hayo yanaonekana wazi kwenye karakana ya miguu bandia. Aliyepoteza mguu mmoja hupimwa ule uliobaki, maana hata sentimita mbili zikizidi, nyonga huinama. Aliyekatwa yote miwili juu ya magoti ndiye anayehitaji makadirio. Fundi humwomba anyooshe mikono, husoma utepe, hukumbuka kwamba pima ya wengi wetu huzidi kimo kidogo, kisha hukata mirija ya miguu hiyo bandia. Halafu humsimamisha katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, akaongeza hapa, akapunguza pale, mpaka mwenye miguu aseme imemkaa.