Manjano Yageukapo Damu ya Mzee

Koroga kijiko cha manjano ya mchuzi kwa maji, paka kwenye karatasi, acha ikauke. Kisha chovya kijiti katika maji ya magadi, yaleyale ya kulainishia maharagwe, uchore juu yake. Kijiti kinapopita, rangi inageuka papo hapo kuwa damu ya mzee. Ikamulie ndimu: njano inarudi.

Watoto wa Gredi ya Nne katika shule moja ya Kilifi walipoona hayo walipiga ukelele, na mwalimu wao hakuwanyamazisha. Brashi zao ni vijiti vya mswaki vilivyotafunwa ncha. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa ukachanganywa na uji mzito wa ngano ili ushike. Kijani ni majani ya kunde, yanasuguliwa karatasini yakiwa mabichi. Mvulana mmoja alikuwa amemaliza mbuzi wake wa njano, tone la magadi likamdondokea mbuzi ubavuni. Kijana akanuna. Akaliangalia tena lile doa, akadondosha la pili, la tatu. Punde mbuzi akawa na madoamadoa, na jirani zake wakawa wanaomba magadi.

"Hapo mimi sikufundisha kitu, nilinyamaza tu," asema mwalimu. "Ila akija mkaguzi akanikuta nimenyamaza, ataniuliza maandalio yako wapi."

Jiko aliligeukia kwa kukosa njia. Wazazi walichoka kuagizwa manila na rangi za dukani. "Mzazi ananiambia, mwalimu, ninunue rangi au unga? Nikaona basi, rangi zitoke palepale penye unga."

Sanaa na ufundi kama somo iliingia na mfumo wa elimu wa 8-4-4 nchini Kenya mwaka 1985, ikaondolewa kwenye mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kisichotahiniwa shuleni huwa hakina mwenyewe. Mtaala wa CBC umeirudisha. Mtihani wa kwanza wa KPSEA wa Gredi ya Sita, mwaka 2022, uliipima ikiwa karatasi moja na masomo ya jamii: chagua A, B, C au D.

"Isipotahiniwa, kipindi chake kitachukuliwa na Hisabati," asema. "Ikitahiniwa hivi, natakiwa niwakaririshe rangi za msingi ni zipi. Wewe ungechagua lipi?"

Sikuwa na jibu. Wanafunzi nao wana swali lao: mbona picha zilizobandikwa karibu na dirisha zinachujuka, za pembeni hazichujuki? Mwalimu anajua manjano hayastahimili jua. Asichojua ni kama swali hilo alijibu katika kipindi cha Sanaa au cha Sayansi.

Lililo mezani kwake sasa ni fomu ya tathmini, yenye viwango vinne, kuanzia kuzidi matarajio hadi kuwa chini yake. Kigezo cha zoezi lile kilikuwa rangi isivuke mstari.

"Huyu wa mbuzi imevuka, tena mwishoni kwa makusudi," asema. "Nimwandike wapi?"

Fomu zinatakiwa Ijumaa.