Panga la Vita au la Juzi?

Msomaji, ukiuziwa panga kuukuu huko Kericho au Bomet kwa madai kwamba babu fulani alirudi nalo kutoka Burma, ambako askari wa King's African Rifles walipigana mwaka 1944, usikimbilie mfuko. Chuma kikilowekwa katika chai kali hugeuka cheusi, na chai huko haikosi!

Kwanza, tafuta alama ya mshale ya jeshi la Uingereza. Ikiwa kutu imetanda kote lakini ndani ya alama mnang'aa, imegongwa juzi. Pili, chungulia pale mpini unapokutana na chuma: uzee wa kweli hupenya hata humo.

Na kama panga la babu yako mwenyewe lingali nyumbani, usilisugue likang'aa. Utakuwa umeufuta ushahidi wake.