Ujumbe umtangulie mgonjwa

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru hapiti Kikopey bila kulakiwa na moshi wa nyama choma. Hata hivyo, sisi tunaoitumia barabara hiyo mara kwa mara twajua kwamba eneo hilo karibu na Gilgil lina sifa nyingine isiyopendeza, nayo ni ajali. Ndiposa ningependa kuwauliza walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii: majeruhi anapopakiwa katika ambulensi na kupelekwa katika hospitali ya rufaa mjini Nakuru, je, habari zake humtangulia au hufika naye?

Naamini hapa ndipo simu ya mkononi inapostahili kuhesabiwa miongoni mwa vifaa vya tiba. Muuguzi akituma mapema umri wa majeruhi, aina ya jeraha, hali ya kupumua kwake na dawa alizokwisha kupewa, wenzake wa Nakuru watatayarisha damu na kumwita daktari wa upasuaji. Gari likiwasili, kazi itaanza mara moja, badala ya maswali kuulizwa upya ilhali uhai unamponyoka mtu.

Anayedhani ujumbe mfupi ni mchezo wa vijana na autazame utafiti uliofanywa humu nchini na kuchapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet. Utafiti huo ulihusisha vituo 107 vya afya vya mashambani. Wahudumu wa baadhi ya vituo hivyo walitumiwa, kwa miezi 6, jumbe za kuwakumbusha namna ya kuwatibu watoto wenye malaria. Ikadhihirika kwamba utoaji sahihi wa dawa katika vituo hivyo uliwapita wenzao kwa takriban pointi 24 za asilimia. Hawakujengewa wadi mpya; walikumbushwa tu.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Simu iyo hiyo yaweza kupiga picha ya majeruhi na kuisambaza katika kundi la WhatsApp, jamaa zake wakaiona kabla ya kuarifiwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Lakini sheria itafaa nini iwapo muuguzi anatumia simu yake na pesa zake mwenyewe, bila mwongozo wowote kutoka kwa mwajiri?

Maoni yangu ni kwamba kila hospitali iwe na simu rasmi ya zamu, inayokabidhiwa kwa sahihi kama funguo za stoo ya dawa. Picha ya uso wa mgonjwa isitumwe. Aidha, apokeaye ujumbe ajibu kwamba ameusoma, kwani ujumbe usiojibiwa haumhakikishii aliyeutuma lolote.

Walimu wa vyuo vya uuguzi wayafundishe haya pamoja na kufunga vidonda. Majeruhi aliyezirai hawezi kujisemea wala kuilinda siri yake. Yote mawili ni amana mikononi mwa wanaomhudumia.