Kamasi Kwenye Mizani

Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani, Sheldon Cohen, na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Salisbury, Uingereza. Watu 394 wenye afya njema walikubali kudondoshewa puani matone yenye virusi vya mafua, kisha wakakaa karantini kusubiri kitakachotokea. Walikuwa wamekwisha kujaza dodoso kuhusu misukosuko ya mwaka uliopita na jinsi maisha yalivyowalemea. Miongoni mwa wenye msongo mdogo kabisa, asilimia 27 waliugua. Wenye msongo mkubwa kabisa, asilimia 47. Sigara, pombe, usingizi na lishe vilizingatiwa, tofauti ikabaki palepale.

Si kila msongo, lakini. Katika jaribio la baadaye Cohen aliona kuwa tukio zito lisilofikisha mwezi halikuongeza mafua. Yaliyoongeza ni yale yaliyodumu mwezi mmoja na zaidi, hasa kukosa kazi na ugomvi na watu wa karibu. Jirani aliyepiga muziki Jumamosi usiku kucha atakuudhi. Mume msiyesemezana naye tangu Ramadhani ni jambo jingine.

Sababu inayotajwa ni homoni ya kotisoli, ambayo pamoja na kazi zake nyingine hupoza mapambano ya kinga ya mwili. Msongo ukidumu, chembe za kinga huizoea na kuacha kuitii. Nayo kamasi, koo kuwasha na pua kuziba huletwa zaidi na mapambano hayo kuliko kirusi chenyewe.

Haiba je? Cohen na wenzake walikusanya tishu zilizopengewa wakazipima uzito, wajue kamasi imetoka kiasi gani. Mwaka 1999 wakaeleza kwamba watu wa wasiwasi walitaja dalili ambazo vipimo havikuziona, hata wale ambao hawakuugua. Sidhani walidanganya. Anayeusikiliza mwili wake kutwa husikia mapigo ya moyo na mikwaruzo ya koo ambayo mwenzake huenda nayo sokoni na kurudi bila habari.

Tabu ni kwamba mtu wa wasiwasi naye huugua. Daktari anayemwambia "hayo ni mawazo tu" kabla ya kumpima presha na damu, amepima haiba, mwili bado. Na mgonjwa akiulizwa dalili zilianza lini, asitaje tarehe peke yake. Aseme pia kwamba ndio mwezi aliopunguzwa kazini.